Sinema ya Nne ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa wangu alicheza katika sinema nne, na katika zote nne hakusema neno hata moja. Sinema za mapadri wakati ule hazikuwa na sauti. Picha zilipita kwenye kitambaa cheupe, na pembeni alisimama mwalimu wa misheni na kipaza sauti, akieleza kwa Kiswahili kila mtu anafanya nini na anawaza nini. Kwa hiyo yale ambayo watu wa Bukavu wanakumbuka kwamba mama mkubwa aliyasema, aliyasema mwalimu. Ninaliandika hili mwanzoni kwa sababu nimechoka kuwasahihisha watu.

Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa mchanga, na mama mkubwa akanichukua kwake Nyalukemba, akanilea peke yake katika nyumba ya vyumba viwili yenye mashini ya kushona karibu na dirisha. Nilimwita Mama, wala sikuhisi kwamba nimepungukiwa na mwingine. Alikuwa mrefu, na alikuwa na tabia ya kugeuza uso polepole mtu anapomwita, mpaka aliyemwita anaona haya kwa haraka yake. Nilidhani amezaliwa nayo. Baadaye aliniambia ni padri aliyemfundisha, kwa sababu mtu akigeuka upesi kamera haimshiki vizuri.

Padri huyo alifika na kamera yake kwenye nyumba ya masista, walikofundisha wasichana kushona. Ilikuwa miaka ya Wabelgiji, kabla ya uhuru. Wasichana wote walicheka na kuficha nyuso, isipokuwa mmoja aliyeendelea kuingiza uzi kwenye sindano. Padri alimchukua huyo.

“Nilikuwa naogopa masista,” aliniambia. “Ile mashini ya picha, sikuiogopaka.”

Katika sinema ya kwanza alikuwa mama anayechemsha maji ya kunywa ya mtoto. Mtoto mwenyewe aliazimwa kwa jirani na alimkojolea, na padri akaiacha picha hiyo ndani. Katika ya pili alikuwa mke wa mume mvivu, na siku moja anammwagia maji kitandani. Watu walicheka hata mwalimu akanyamaza na kipaza sauti chake mpaka watulie. Katika ya tatu alikuwa bibi harusi. Mapadri walizizungusha sinema hizo kwa lori, Kabare, Walungu, hadi Kamanyola kwenye joto la bondeni, na mara nyingine walimchukua naye ndani ya lori. Wanawake walikuja kumshika mkono waone kama ni nyama kweli. Aliniambia hakuna furaha nyingine aliyowahi kuipata inayofanana na ile ya kushikwa mkono na watu asiowajua. Karani mmoja wa mjini alimpenda kwenye kitambaa kabla ya kumwona kwa mwili, akaja kuposa, wakaoana.

Halafu ikaja ya nne.

Kwetu, anayekupa kinywaji anaonja kwanza, mbele ya macho yako. Awe mama mzazi wa rafiki yako, awe chifu, ataonja, ndipo akupe. Hakuna anayekuambia sababu, kwa maana kila mtu anaijua: ukionja umeonyesha kwamba hakuna sumu. Asiyeonja hatukanwi wala haulizwi. Kikombe kinapokelewa, kinawekwa chini, na mgeni anakumbuka kwamba ameacha kazi nyumbani.

Sinema ya nne ilitengenezwa kupinga hofu hiyo. Padri alikuwa amezika mjane mmoja aliyepigwa mawe kwa kusingiziwa sumu, na jambo hilo lilimwumiza sana. Akatunga kisa: mke kijana anampa mama mkwe kikombe cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mama mkwe anakufa, ukoo unamfukuza yule mke. Mwishoni daktari mwenye koti jeupe anaeleza kwamba bibi alikuwa mgonjwa wa ini kwa muda mrefu, na ukoo wote unakwenda kumwomba yule mke msamaha. Nia ilikuwa nzuri. Sina ugomvi na nia yake.

Siku ya kupiga picha, mama mkubwa alichota kasiksi, akaonja, akanyoosha kikombe. Padri akasimamisha kazi. Alidhani ana kiu. Wakaanza tena, akaonja tena. Padri, ambaye alikuwa amekaa kwetu miaka mingi na aliongea Mashi, lugha yetu, kunishinda mimi, akakasirika kwamba mkanda unakwenda bure.

“Nikamuambia, mon père, haiko hivi, lazima nionje,” alinisimulia. “Akasema, utaonja nyumbani, hapa toa tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na yeye ni padri. Nikatoa.”

Sinema ilipoonyeshwa, ukumbi ulikuwa ukicheka na kuongea mpaka hapo pa kikombe. Hapo watu walinyamaza. Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa na maneno yake yameandikwa kwenye karatasi, alishtuka akaongeza yake: “Anamupatia kopo. Haonje!” Baada ya hapo daktari alisema yote aliyosema, ukoo ukapiga magoti, na watu wakatoka nje wakiambiana kwamba daktari anajua nini. Wao wameona kwa macho yao. Mwanamke hakuonja.

Mtu wa mbali atacheka, aulize kama watu wale hawakujua kwamba ni mchezo tu. Walijua sana. Walijua kwamba mume mvivu ni katekista na kwamba maji ya kitandani yalitoka kwenye bomba la misheni. Lakini kutoa kikombe bila kuonja ni kitu ambacho mkono wa mtu mwema haukijui hata kwa mchezo. Walijiuliza mkono wake ulijifunza wapi.

Mama mkwe wake wa kweli aliacha kupokea chakula chake. Mume akawa anakula kwa mama yake, kisha analala huko. Baada ya mwaka mama mkubwa alirudishwa kwa baba yake na sanduku lake na mashini ya kushona ambayo mapadri walimzawadia. Hakuwa amezaa. Uhuru ulifika, fujo zikafika, kamera ikarudishwa Ulaya, na hapo kazi yake ya sinema ikaisha. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo.

Mimi nilipata akili wakati nchi ikiitwa Zaïre. Shuleni tulifundishwa kuimba na kucheza ngoma za Chama tawala uwanjani, na wanawake walikatazwa suruali na magauni mafupi, kila mmoja akataka kushonewa kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, na blauzi yake. Mama mkubwa alikuwa fundi hodari. Wake za wakubwa walitoka Muhumba na magari kuja kwake, na majirani nao walikuja. Walipimwa, walicheka, walimwelezea siri za nyumba zao huku akiwa na pini mdomoni. Lakini hawakunywa. Alileta trei ya chai, anamimina, anaonja mbele yao, mara nyingine anakunywa hadi nusu, anatoa. Mmoja alikuwa anaumwa jino. Mwingine ametoka kunywa sasa hivi. Mwingine yuko katika novena, sala za siku tisa, na amefunga. Mpaka leo nikisikia mtu yuko katika novena simwamini.

Alikuwa anazimwaga zile chai nyuma ya nyumba, taratibu, kwenye shina la mparachichi. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira. Siku moja kwenye bomba msichana wa jirani aliniambia, “Mama yako anatiaka batu sumu,” nikampiga na ndoo. Mama mkubwa alinichapa, kisha akanipeleka kuomba msamaha nikibeba mkungu wa ndizi. Ndizi walizipokea, kwa sababu ndizi ina ganda lake. Njiani tukirudi niliapa sitawasalimia tena watu wale, naye akaniambia nitawasalimia kesho asubuhi, na nilifanya hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili wakati yule padri wa kamera, sasa mzee, alipojiandaa kurudi kwao kabisa. Parokia ikapanga kumuaga kwa kuonyesha sinema zake zote nne, Jumapili mchana, katika ukumbi uliofunikwa madirisha kwa blanketi. Ijumaa iliyotangulia mama mkubwa alifunga mkasi wake wa kazi katika kitambaa, akanishika mkono, tukaenda kwa padri.

“Mon père,” alisema, “kuko fasi moja mu ile sinema ya ine. Ninaomba ukate.”

Padri hakuelewa. Ndipo mama mkubwa akamweleza, kwa sauti ileile aliyotumia kumweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi: kikombe, mama mkwe, mume, trei za chai. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia. Padri alidhani mama mkubwa alirudishwa kwao kwa sababu ya utasa. Alivua miwani. Kisha akaufungua mkanda, akautazama kwenye mwanga wa dirisha, picha moja moja, akaukata na mkasi wa mama mkubwa, akaunganisha kwa gundi. Kipande kilichotoka kilikuwa kifupi, kama utepe wa nywele za mtoto. Alisema, “Ni mimi nilikosa.” Mama mkubwa alijibu kwamba kosa limekwisha sasa.

Nyumbani alishona siku ile na kesho yake bila kupumzika, na hakuwa na kazi ya mteja. Alijishonea mwenyewe. Jumapili tulikaa mstari wa pili, yeye katika kikwembe kipya, na mimi pembeni yake nikiwa na kiburi ambacho sijapata kuwa nacho tena. Sinema ya kwanza ilipita. Nilimwona akiwa msichana, na mtoto wa kuazima akikojoa, na ukumbi ukacheka. Ya pili, watu wakapigana mabega kwa kicheko. Wengine waligeuka kumtazama, wakampungia mkono, naye aligeuza uso polepole, akawapungia.

Mwalimu alikuwa yuleyule. Amezeeka, macho yamefifia, na maneno yote alikuwa ameyashika kwa kichwa. Na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba mkanda umekatwa.

Katika ya nne, mama mkubwa akaonekana amesimama na kibuyu, na hapohapo picha ikaruka: bibi amelala kwenye mkeka. Wazee waliokuwa wanaikumbuka wakaanza kunung'unika. “Bamekata. Banaficha kitu.” Mwalimu haoni vizuri picha, anasikia tu minong'ono, na maneno yake ya mahali pale yako tayari mdomoni. Akayasema yote, kwa kipaza sauti, polepole na wazi: “Sasa anamupatia mama-mukwe kopo. Haonje.”

Hapo ukumbi ulinyamaza, na wale waliozaliwa baadaye, ambao hawakuwahi kuona chochote, waliona. Nilisikia mtu nyuma yetu akimweleza mwenzake kwamba mahali penyewe palikuwa pabaya hata mapadri wameogopa kupaonyesha. Nilitaka kusimama na kupiga kelele. Mama mkubwa aliniwekea mkono kwenye goti, akakaa mpaka daktari amalize, mpaka magoti yapigwe, mpaka blanketi zitolewe madirishani. Alimuaga padri. Alimsalimia hata mwalimu.

“Mwalimu hana kosa,” aliniambia njiani. “Alisema yenye aliona.”

Hakulia, na mimi nililia kwa ajili yetu wawili.

Baada ya hapo lilibaki tumaini moja, na lilikuwa mimi. Kwetu siku ya kuposwa, mama aliyemlea msichana ndiye anayempa baba wa kijana kikombe cha kwanza. Anaonja mbele ya koo mbili, anatoa, na kukikataa ni kuvunja posa. Mama mkubwa alikuwa akiniambia tangu niko mdogo, akinisuka nywele: “Siku yako, nitaonja mbele ya batu bote. Na batakunywa.” Alilisema kwa mzaha, lakini hakuwahi kupitisha mwezi bila kulisema.

Nilisoma, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikapata mchumba, mwalimu mwenzangu, na kwao ni Kamanyola. Wiki ya posa dada yake alinipasha habari kwamba baba mkubwa wao, anayekuja kuwa msemaji, aliwahi kumwona mama yangu kwenye sinema zamani. Alilisema tu, wala hakuongeza neno. Mimi niliongeza yote yaliyobaki. Niliona kikombe kikiwekwa chini. Niliona wageni wakikumbuka kazi nyumbani. Nilimpenda kijana yule, na niliogopa.

Siku moja kabla, nilimkuta mama mkubwa akipiga pasi kile kikwembe cha kuvaa kesho.

“Mama,” nikamwambia, “kesho maman wa jirani njo atatoa kopo.”

Aliendelea kupiga pasi. Kisha akauliza, “Ni bao ba Kamanyola balisema?”

“Ndiyo. Ni bao.”

Nilidanganya. Hakuna mtu wa Kamanyola aliyesema kitu. Alikunja kikwembe, akakiweka sandukuni, akasema, “Basi iko sawa, mutoto wangu. Wewe uolewe.” Nimekuwa na haya ya siku hiyo maisha yangu yote, na kuandika hakunipunguzii.

Kesho yake alikaa jikoni nyuma, akipika. Jirani alionja, akatoa, baba mkwe akanywa, wote wakanywa. Yule baba mkubwa wa kijana alipokwisha kunywa alifuta mdomo, akauliza:

“Na mama mwenye alimulea huyu binti iko wapi? Miye nilimuonaka zamani ku sinema, kule kwetu. Alimumwangia bwana yake mayi ku kitanda. Tulicheka mpaka tukalia. Nilisema nitakunywa leo ku mukono yake.”

Sinema zote nne zilifika Kamanyola, hata ile ya kikombe. Yeye alikuwa amebaki na ya pili.

Walimwita. Alitoka jikoni na nguo ya kazi, mikono imelowa, akamsalimia mzee yule kwa kupiga goti kidogo, na mzee akamshika mkono kwa mikono miwili, kama wale wanawake wa zamani. Lakini kikombe kilikuwa kimekwisha kutolewa, na hakitolewi mara mbili. Aligeuza uso polepole, akanitazama. Alikuwa ameelewa kwamba nilidanganya. Hakuniuliza siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Niliolewa, nikapata kazi mjini palepale, nikazaa. Aliwashonea watoto wangu nguo za kubatizwa. Nilimtembelea kila Jumapili na kila Jumapili nilikuja na maneno ya kuomba msamaha, na kila Jumapili nilirudi nayo.

Aliugua katika miaka ya mwisho ya Zaïre, wakati dawa ilikuwa shida hata kwa mwenye jamaa hospitalini. Nilihamia kwake kumwuguza. Majirani walikuja kumtazama, walewale wa jino na novena, wamezeeka nao. Nitawatendea haki: walikuja kila siku, walifua shuka zake, walikaa kwenye mkeka chumbani mwake na kusali rozari.

Alasiri moja walikuwa wanne, na yeye alikuwa na homa kali. Aliniomba maji. Nilikuwa nimeshinda bila kukaa, mtoto wangu mdogo analia uani, na maharagwe yako motoni. Nilichota, nikaja mbio, nikamnyanyua kichwa, nikamsogezea kopo mdomoni.

Hakunywa. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, nayo aliifunga. Alilishika lile kopo kwa mkono uliobaki mifupa, akalisukuma kwangu.

“Onja kwanza,” alisema.

Sijapata kuchomwa moyo namna ile. Nilijua ananilipizia siku ya posa, na nilijua nimestahili. Nilitaka kumwambia pale pale, mbele ya wale wamama, kila kitu. Nilisema tu, “Mama, ni miye.”

“Najua ni wewe. Onja,” akasema, na sauti yake akaishusha iwe yangu peke yangu. “Banakuangalia.”

Niligeuka. Wale wanne walikuwa wameacha kusali. Macho yote yalikuwa kwenye kopo, kama ukumbi mzima ulivyokuwa. Nikaonja. Mama mkubwa aliniambia nionje tena, vizuri, nikanywa hadi nusu. Ndipo akapokea akanywa yaliyobaki, na wao wakarudi kwenye rozari yao pale walipoiachia.

Alikufa siku ya tatu, bila kumeza kitu kingine. Kwetu mtu akifa, watu huuliza nani alimpa kitu cha mwisho, na waliuliza. Wale wamama wanne walijibu kwamba mwanawe, na kwamba waliona kwa macho yao akionja mara mbili. Habari ikaishia hapo.

Matanga yalikuwa ya watu wengi. Nilipita mwenyewe na kasiksi katikati ya vikao, nikionja na kutoa, nikionja na kutoa, na mtaa mzima ulikunywa mikononi mwangu.